Ruhusa ya Bunduki

Erdington, Birmingham
8 Oktoba 2023

Baba yangu mpendwa,

Najua ni Dada Magdalene atakayekusomea, kwa hiyo naanza kwa kumwomba asome polepole, karibu na sikio la kulia, wala asiruke kitu. Ningeweza kupiga simu, lakini ulitufundisha kwamba neno la kiapo haliombwi kwa simu, na hili ninaloomba ni la kiapo.

Ile kazi ya kutunza wazee kule Great Barr nimeiacha. Usishtuke. Niliipenda, ila mwaka huu wazee walinifia mfululizo. Wa mwisho alikuwa mama mmoja aitwaye Beverly, aliyeniita kwa jina la marehemu mumewe, nami nikawa naitika. Baada yake usingizi ulinihama. Nakaa kitandani na nguo za kazi, natazama ukuta. Cheryl wa kanisani kwetu aliniambia, "Bethu, siku hizi uko hapa but hauko." Alisema kweli.

Sasa kuna Mzungu anaitwa Ivan, mamake alikuwa mmoja wa wazee wangu. Kazi yake ni kupunguza kulungu. Huku, Baba, kulungu wamezidi. Simba hakuna, mbwa mwitu walimalizwa zamani, na watu wa kawaida hawawindi. Kuna wakubwa wenye madoa, na kuna wadogo kama digidigi wa kwetu, walioletwa kutoka China na matajiri, kisha wakatoroka. Wanakula kila mche unaochipua, msitu unazeeka bila watoto. Wengine wanaingia barabarani wanagongwa. Kwa hiyo wenye misitu huwaita watu kama Ivan wapunguze, hasa majike, wakati wa baridi, na nyama inakwenda buchani. Yaani jambo ulilofungiwa jela wewe, huku mtu analipwa na kuambiwa asante. Nilipomsimulia Ivan habari zako alicheka, kisha akaniomba radhi.

Nimekwenda naye mara kadhaa kumsaidia kuburuta mizoga. Tunakaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya mti, tunangoja, hatusemi. Baba, nikirudi kutoka huko nalala. Ivan anataka nijifunze kupiga ili tufanye kazi pamoja.

Shida ni hii. Nilimuuliza kuhusu upinde. Sheria ya huku imekataza kabisa kumpiga kulungu kwa mshale. Wanasema mshale unajeruhi, na najua ungewajibu nini. Wanaruhusu bunduki tu.

Na kiapo chako nakijua. Baba Mdogo Mutinda alipopigwa risasi na askari wa wanyama, akiwa na upinde wake na swala mmoja begani, uliapa kwa kithitu mbele ya wazee kwamba mtu wa nyumba yako akiua kwa bunduki, damu hiyo ikurudie wewe mwenyewe. Ulituambia tukiwa wadogo kwamba kithitu ni kiapo kinachoua, hakichezewi, hakijui bahari wala mpaka. Kanisani wanasema ni mambo ya giza. Mimi sijui ni mambo ya nini, ila ni uhai wako, na sitauchezea.

Ndiyo maana nakuomba. Kama kiapo hicho kinaweza kuondolewa, kiondoe kwa njia inayotakiwa. Mbuzi atanunuliwa na Dada, nimemtumia pesa. Ukisema la, nitamwambia Ivan atafute mtu mwingine, na sitakuuliza mara ya pili.

Mwanao,
Bethuel


Kibwezi
3 Novemba 2023

Mdogo wangu Bethuel,

Barua yako ililetwa na mgeni wa Cheryl aliyesafiri kuja huku, akaifikisha kwa mchungaji, na mchungaji, kama kawaida yake, akakaa nayo mpaka nilipomfuata. Nilimkalisha Baba jikoni penye joto nikamsomea. Nilirudia mara mbili, maana mara ya kwanza alifurahi hadi akasahau mwanzo.

Baba amekubali.

Nimeliandika peke yake ili usije ukaniuliza tena. Amesema hivi, nami nimeandika kama alivyosema: "Mwambie aende. Mwambie akae upepo ukimpiga usoni, asijipake mafuta yanayonukia, na asimpige mnyama anayemtazama." Kisha akatabasamu peke yake. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu Mama atutoke.

Amewatangazia watu sokoni kwamba Wazungu wameshindwa na wanyama wao wenyewe hadi wakamwita mtoto wa Nzioka. Wazee wenzake wanakuja hapa kusikiliza, na wote wanataka chai. Wewe umepata kazi, mimi nimepata hoteli bila malipo.

Mbuzi nilinunua, beberu mzuri. Mambo yake yamekwisha, usiniulize yalikwendaje.

Jambo moja tu: usitume picha. Baba haoni, zitamsononesha bure.

Na wewe kula, ulale. Mwezi wa nane uliponipigia nilisikia sauti ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa. Nilikaa na hofu hiyo hadi barua hii ilipofika. Sasa shika kazi yako na usitazame nyuma.

Dada yako,
Magdalene


Erdington
14 Januari 2024

Baba na Dada,

Leo nimeua.

Kulikuwa na barafu nyembamba juu ya majani, na Ivan alikuwa amekaa kando yangu, maana bunduki ni yake na sheria inataka awepo. Walitoka majike wawili. Mmoja aliinua kichwa akanitazama, nikangoja kama ulivyosema, Baba. Alipoinama kula nikapiga. Alikimbia kidogo akaanguka, na tulipofika alikuwa ameshakwisha. Ivan alinipa mkono. Mimi nililia, na sikujificha, na yeye akatazama pembeni hadi nilipomaliza. Nadhani nililia mambo ya mwaka mzima.

Tukampasua palepale. Ini alinipa mimi. Unga nilinunua dukani kwa Balwinder karibu na Alum Rock Road, nikasonga ugali, nikamwalika Cheryl. Alikula akasema, "Nyama ni poa, but haina mafuta kabisa, imekauka kama sermon ya pastor." Tukacheka. Ni siku nyingi sijacheka na chakula mdomoni.

Sitawadanganya kwamba ni furaha tupu. Jike akipasuliwa wakati huu huwa na mimba, na hilo huwezi kulizoea haraka. Kuna siku narudi nimenyong'onyea. Lakini najua nimenyong'onyea kwa sababu gani, na hiyo ni nafuu kubwa.

Bila ruhusa yako, Baba, nisingekuwa hapa. Nakushukuru kwa kukiondoa kiapo kile kizito kwa ajili yangu.

Sasa jambo la macho. Mtoto wa jicho hutolewa siku moja, mtu akarudi nyumbani. Dada, tafadhali mpeleke. Nataka aone. Natuma picha, hata kama ulikataza. Niko na bunduki, na kulungu, na Ivan. Iweke mpaka siku atakayofunguliwa macho.

Wenu,
Bethuel


Kibwezi
11 Februari 2024

Bethuel,

Tumefurahi sana. Baba aliinama kusikiliza habari ya jike aliyekutazama, akapiga paja.

Habari ya macho tuiache kidogo. Sukari yake iko juu, na daktari hamgusi mtu mwenye sukari ya juu. Halafu mvua zinakaribia, njia yetu unaijua. Halafu mwenyewe anaogopa kisu. Mzee wa umri wake anataka kuona nini tena? Uzuri wa dunia hii ameshauona, na ubaya wake pia. Anapapasa vitu vyake, anajua kila kona, hajaanguka hata mara moja.

Picha nimeihifadhi.

Magdalene


Erdington
2 Machi 2024

Dada,

Nilimpigia muuguzi wa zahanati. Anasema sukari ya Baba imetulia tangu Desemba.

Sikuelewi. Wewe ndiwe uliyekuwa ukilalamika kwamba unamkatia nyama kama mtoto. Au umezoea kuwa macho yake? Samahani, nimeandika kwa hasira, lakini sifuti.

Mugo, niliyeishi naye nyumba moja hapa Erdington kabla hajarudi Nairobi, atakuja na gari baada ya Pasaka ampeleke Baba hospitali ya macho. Kila kitu kimepangwa. Wewe mvalishe tu shati safi.

Bethuel


Kibwezi
21 Aprili 2024

Bethuel,

Baba anaona.

Kitambaa kilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona ni uso wangu. Akasema, "Magdalene, mbona umezeeka?" Wauguzi walicheka, Mugo akacheka, mimi nikacheka nao.

Njiani alitazama kila kitu. Tulipofika nyumbani akaomba barua zako. Kusoma alijifunza jela, wajua, na hajasahau. Nikamwambia panya wamezila. Akasema sawa. Jumapili nikaenda kanisani, na niliporudi nilimkuta ameketi mlangoni, picha kwenye goti moja, barua kwenye goti la pili. Alikuwa amezitoa chini ya godoro langu.

Sasa sikiliza nilichokufanyia.

Ile barua ya kwanza nilianza kuisoma kama ulivyoandika. Nikafika pale unaposema wanaruhusu bunduki tu, na mdomo wangu ukasema upinde. Sikupanga. Nilimwona ameinamisha sikio, nikakuona wewe umekaa na nguo za kazi unatazama ukuta, nikajua akisikia bunduki atasema la, na wewe utatii, maana wewe ni mjinga wa kutii. Habari ya kiapo sikuisoma kabisa. Kwa hiyo hakuna alichokubali, isipokuwa mwanawe kuwinda kwa upinde Uingereza. Yale maneno ya upepo na mafuta ni yake kweli. Aliyasema kwa mtu mwenye mishale.

Mbuzi tulimla Krismasi. Baba alidhani ni zawadi yako akakuombea baraka.

Mimi nimeokoka, Bethuel. Nilijiambia kithitu ni giza na giza halina nguvu juu yetu. Lakini kila barua yako ilipokuja na habari ya kulungu mwingine, nilikuwa nashika paji la uso la Baba kuona kama ana homa. Basi unaweza kuona mimi ni muumini wa namna gani.

Miezi hii yote alikuwa anakuchongea upinde kwa kupapasa. Alikuwa amebakiza kuufunga uzi. Jumapili hiyo aliuvunja akautia kwenye moto wangu, nikapikia chai, na chai hiyo hakuinywa.

Wazee wamekuja kumpongeza kwa macho mapya. Anakaa nao, ila hadithi ya mishale haisimulii tena. Ameniomba karatasi. Nadhani anakuandikia.

Nilikuwa naogopa utakufa. Sina utetezi mwingine.

Magdalene


Kibwezi
25 Aprili 2024

Bethuel,

Huu ni mwandiko wangu. Umepinda kwa sababu ya mkono, macho hayana kosa.

Nimesoma barua zako zote. Uliniomba kwa adabu, hilo nakupa. Ombi lako lilifika mpaka nyumbani kwangu likajibiwa na mtu mwingine. Sasa najibu mimi. Jibu ni la.

Ningesema la wakati ule, na nasema la leo. Mutinda nilimbeba mimi. Tundu la mbele lilikuwa dogo. La nyuma nililiziba kwa shati langu na shati halikutosha. Nilimbeba kutoka mtoni mpaka kwa mama yetu, na yule askari alinifuata akiniambia nimshushe, ushahidi usiharibike. Ndipo nilipoapa. Katika barua nyingine unasema kulungu wako anaanguka hajui lolote. Hata Mutinda hakujua. Mimi ndiye niliyebaki nikijua.

Mwenye mshale humfuata mnyama. Anafuata damu, anamkuta, anamtazama usoni. Nisingekunyima hilo.

Nimejisifu mbele ya watu miezi yote hii kwa jambo ambalo halikuwapo. Wazee wamekunywa chai juu ya uongo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiusimulia kwa sauti kubwa kuliko wote. Dada yako simpigi wala simfukuzi. Ananipikia, nakula. Hatuzungumzi.

Umeua wangapi usinitajie.

Iweke bunduki chini. Ukiiweka, nitaona la kufanya na damu iliyokwisha kumwagika. Usipoiweka, usiniandikie tena.

Nzioka


Erdington
19 Mei 2024

Baba,

Uliniambia nisiandike kama sijaiweka chini. Nimeiweka. Siku niliyopata barua yako nilimweleza Ivan, na Jumatatu iliyofuata nikarudi Great Barr kwa wazee. Walinipokea vizuri. Kuna mzee mpya, Jagjit, ananiita mwanangu.

Kwa hiyo nimetii. Sasa niruhusu nikueleze jambo ambalo sikumwandikia Dada wala mtu yeyote.

Mwaka jana mwanzoni mwa mwezi wa tisa, asubuhi nikitoka zamu, nilisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu ya M6. Mvua ilikuwa inanyesha. Chini magari yalikuwa yanapita bila kukatika. Sikusimama pale kutazama magari, Baba.

Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na mbwa alinikuta. Akaniuliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo. Hakuniuliza zaidi. Alinishika mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara, akanipeleka kituo cha basi, akakaa nami huku mbwa amelowa miguuni petu. Basi langu lilipofika akapanda nalo, ingawa halikuwa lake. Aliniambia jina lake ni Surinder na kwamba nikale kitu cha moto. Sijamwona tena.

Wiki chache baadaye Ivan akaniita msituni. Niliposema kwenye barua ile kwamba nalala, hilo ndilo nililotaka kusema, ila sikuwa na ujasiri wa kulisema lote. Dada alikisia bila kuambiwa. Ndiyo maana nimeshindwa kumchukia.

Tangu nirudi Great Barr nilikuwa napanda mabasi mawili ili nisipite karibu na lile daraja. Jumanne hii nilijikuta nimeshuka kituo kile. Sikumbuki kubonyeza kengele. Niligeuka, nikamwita Cheryl, akaja na gari akiwa bado na kofia ya kulalia. Alisema, "Sikuulizi kitu. Tunaenda kwa daktari sasa hivi, mambo mengine later." Daktari amenipa dawa, na kuna mama nimeanza kuzungumza naye kila Alhamisi. Ivan naye nimemwambia yote. Alifikiri sana. Akasema bado ananitaka msituni, ila bunduki itakaa kwake chini ya kufuli, na sitaishika isipokuwa yeye yupo kando yangu. Nikamshukuru, maana angeweza kuniogopa.

Siombi ruhusa tena. Nilisema sitauliza mara ya pili na siulizi. Nataka tu uwe na habari kamili, kwa sababu sote tumekupimia habari kwa kijiko, na mimi nilianza kabla ya Dada.

Nikiishika bunduki, nakuua wewe. Nisipoishika, sijui. Ningekuwa mtoto ningekwambia chagua, Baba. Nimechoka.

Mwanao,
Bethuel


Kibwezi
16 Juni 2024

Mwanangu Bethuel,

Barua yako niliisoma mwenyewe, nikimaliza narudi mwanzo. Magdalene aliniuliza imesema nini. Nikampa asome. Aliposoma alikaa chini, na mimi nikakaa karibu naye. Sasa tunazungumza.

Habari ya daraja sikuijua. Nilikuwa hapa nikiwapigia watu hadithi ya mishale, na wewe ulikuwa umesimama kwenye mvua. Nimejaribu kuiona sehemu hiyo nikashindwa, sijui hata daraja lenyewe lina rangi gani. Huyo mama mwenye mbwa namwombea kila asubuhi kwa jina lake, ingawa silitamki vizuri.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mzee anayetunza kithitu. Nilitembea, Magdalene akanisindikiza hadi kwenye kijito kisha akarudi, kwa sababu ya wokovu wake. Nilipeleka mbuzi, safari hii mbuzi wa kweli. Mzee alinisikiliza akatikisa kichwa. Kiapo huondolewa mbele ya watu walioshuhudia kikiapwa, na wale wote wamekufa. Nimebaki mimi. Mtu mmoja hawezi kuwa mwapaji na shahidi. Nilirudi na mbuzi wangu.

Kwa hiyo kiapo kipo na hakitoki. Nakwambia hivyo ili usije ukasikia kwa mwingine kwamba nilikudanganya. Tumedanganyana vya kutosha katika nyumba hii.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Niliapa kwa ajili ya ndugu yangu, naye alikuwa ameshakufa. Wewe hukuwa umezaliwa. Sikukuuliza. Nilijua kwamba ninaweka uhai wangu pale, na nilikuwa na hasira, na nilikuwa na haki ya kuuweka kwa sababu ulikuwa wangu. Wako sikuuweka. Kiapo hakikukutaja wewe, mwanangu. Kilinitaja mimi.

Basi rudi msituni. Mwambie Ivan kwamba baba yako amesema asikuache peke yako na kile chombo, hata siku moja, hata ukimwambia umepona. Upepo ukupige usoni. Anayekutazama mwache.

Bunduki siipendi na sitaipenda. Usinitumie picha nyingine.

Nikifa mwaka huu watu watasema maneno. Usiwasikilize na usijihesabie. Nina sukari, nina kikohozi, nina miaka ambayo wenzangu hawakuifikia. Chagua mojawapo uwaambie. Na ukija kuzika, shika jembe mbele ya kila mtu kama mtoto mwingine yeyote. Nimekwisha kuwaambia wazee wa ukoo, na aliyetaka kubisha nimemwambia anywe chai yake aende.

Baba kumtangulia mwanawe kaburini si laana, ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Laana ni ile uliyotaka kunifanyia wewe pale darajani. Hiyo ndiyo sitakuruhusu, hata uniombe kwa adabu ya namna gani.

Baba yako,
Nzioka